Kukata na Kuchonga Katika Biblia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni kwa viongozi wa shirika, walimu wa katekisimu, wachungaji na wahubiri wa Goma na vijiji vinavyoizunguka. Maswali ni yale yanayorudi kila watu wanapokutana na shoka, kisu au patasi ndani ya Maandiko. Weka Biblia yako pembeni. Sura na namba zimetajwa ili usome fungu zima, si mstari mmoja uliochomolewa.

Je, kukata ni alama ya hukumu?

Pengine ndiyo, lakini si kila mahali. Musa alichonga mbao mbili za mawe ili ziandikwe amri (Kutoka 34:1-4). Hekima amechonga nguzo saba za nyumba yake (Mithali 9:1). Mkulima hukata ili tawi lizae zaidi (Yohana 15:2). Na adui naye aliingia patakatifu na mashoka akaharibu nakshi zote (Zaburi 74:5-6). Ukiamua mapema kwamba shoka ni ghadhabu, utakosea mafungu matatu kati ya hayo manne.

Kabla ya kufundisha, jiulize: nani ameshika chombo? Kinachokatwa kinapelekwa wapi? Baada ya kukata kimebaki nini? Hilo la mwisho husahaulika sana, na ndilo lenye uzito. Chukua Hosea 6:5, Mungu anaposema amewakata watu wake kwa manabii. Anayeishia hapo atahubiri hasira. Anayesoma mstari wa 6 atakuta kilichokuwa kinatafutwa muda wote: fadhili, wala si sadaka.

Kwa nini madhabahu ilikatazwa kuchongwa, na hekalu likajengwa kwa mawe ya kuchongwa?

Amri ya madhabahu iko Kutoka 20:25 na Kumbukumbu la Torati 27:5-6: mawe yawe mazima, chombo cha chuma kisiyaguse, kwa sababu kikiinuliwa juu yake kinaitia unajisi. Yoshua aliitii pale mlima Ebali (Yoshua 8:30-31). Karne nyingi baadaye, Wamakabayo walipojenga upya madhabahu iliyonajisiwa, walitafuta tena mawe yasiyochongwa (1 Wamakabayo 4:47, kwa wanaotumia Biblia ya Kikatoliki).

Kutoka hakutoi sababu ndefu. Mishna ya Wayahudi, katika sehemu ya vipimo vya hekalu, inaeleza hivi: chuma kiliumbwa kupunguza siku za mwanadamu, madhabahu iliumbwa kuziongeza, basi haifai kinachofupisha kiinuliwe juu ya kinachorefusha. Maelezo hayo ni ya wazee wa Kiyahudi, si ya Torati yenyewe, lakini yanaendana na fungu: mahali pa upatanisho mtu haleti ustadi wake. Anakuja na jiwe kama alivyolikuta.

Nyumba ni jambo lingine. Hekalu lilikuwa la watu kuliona na kuhudumu ndani yake, na mawe yake yalichongwa kweli. Ila 1 Wafalme 6:7 inasema yalitengenezwa huko huko machimboni, hata nyundo wala shoka wala chombo chochote cha chuma kisisikike nyumbani lilipokuwa likijengwa. Wengi husoma mstari huu kana kwamba mawe hayakuguswa na chuma. Haukusema hivyo. Unachosema ni kwamba kelele ya chuma haikusikika kwenye uwanja wenyewe.

Kwa mahubiri, mafungu haya mawili yafundishwe pamoja. Madhabahu inasema: njoo ulivyo. Ukuta wa nyumba unasema: ukubali kuchongwa, maana jiwe lisilochongwa halikai sawa na mwenzake. Petro anawaita waamini mawe yaliyo hai yanayojengwa kuwa nyumba (1 Petro 2:5). Anayehubiri la kwanza tu hulea kanisa lisilobadilika. Anayehubiri la pili tu huwavunja watu moyo mlangoni.

Mawe ya hekalu yalichongwaje? Ni kama mawe yetu ya volkano?

Hapana, na tofauti hiyo inasaidia kuelewa fungu.

Mawe ya Yerusalemu ni ya chokaa. Yako kwa tabaka, na baadhi ni laini yanapotoka machimboni kisha hukazika hewani. Mchongaji alichora umbo la jiwe juu ya mwamba, akachimba mifereji myembamba kulizunguka kwa sururu, kisha akalibandua chini kwa kabari na mitalimbo. Ndipo kazi ya kunyoosha nyuso kwa patasi na nyundo, pembe ikipimwa hadi iwe mraba. Mawe ya msingi katika majengo ya Sulemani yalikuwa ya dhiraa 10 na dhiraa 8 (1 Wafalme 7:10). Ukihesabu dhiraa moja kama sentimita 45 hivi, ni mita 4.5 na mita 3.6. Jiwe la namna hiyo halirudishwi machimboni kwa kuwa limezidi kidole kimoja. Kama hakuna nyundo itakayolia uwanjani, basi kipimo cha machimboni na kipimo cha ukutani lazima kiwe kimoja, na msimamizi anakagua kabla jiwe halijaondoka. Ukimya wa 1 Wafalme 6:7 ulitokana na nidhamu ya kipimo, na hilo ni somo zuri kwa wanaotengeneza watumishi: marekebisho yafanyike kwenye mafunzo, si mbele ya waamini.

Jiwe la Goma ni lava iliyopoa. Halina tabaka, limejaa matundu ya hewa na nyufa za kupoa, kwa hiyo hupasuka kufuata ufa wake, si kufuata mstari wa fundi. Ndiyo maana kuta zetu ni za vipande visivyolingana vilivyoshikwa na saruji. Vipande vidogo huruka vikali kama chupa, na anayepasua bila kukinga macho ataumia. Mhubiri 10:9 inasema jambo hilohilo: mwenye kuchonga mawe ataumizwa nayo, mwenye kupasua miti ana hatari yake.

Lakini jiwe letu lina ndugu katika Injili. Kapernaumu na Korazini zilijengwa kwa jiwe jeusi la volkano. Magofu ya sinagogi jeupe la chokaa yanayoonekana Kapernaumu yamekaa juu ya msingi mweusi wa jiwe hilo. Watoto wa katekisimu wa Goma wanaweza kugusa ukuta wa parseli yao na kujua mkono wa mtu wa Kapernaumu uligusa jiwe la aina ile.

Kuna mahali pengine uchongaji wa nyakati za Biblia unaonekana hadi leo?

Mfereji wa Hezekia huko Yerusalemu, unaotajwa 2 Wafalme 20:20. Ni wa mita 533 hivi ndani ya mwamba. Wachimbaji walianza pande mbili na kukutana katikati. Maandishi waliyochonga ukutani yalipatikana mwaka 1880 na sasa yako Istanbul. Yanasimulia jinsi walivyosikia sauti za wenzao kupitia mwamba, wakapigiana sururu kwa sururu, maji yakapita.

Huo ni mfano wa kuweka mbele ya Yeremia 2:13, ambako watu wameacha chemchemi ya maji ya uzima wakajichongea mabirika yenye nyufa. Kuchonga hakulaumiwi pale. Linalolaumiwa ni kuacha chemchemi.

Hesabu ya wasimamizi inatofautiana. Tuseme nini?

1 Wafalme 5:15-16 inataja wachukuzi 70,000, wachongaji 80,000 milimani na wasimamizi 3,300. 2 Mambo ya Nyakati 2:18 inasema wasimamizi 3,600. Ongeza maakida wa 1 Wafalme 9:23, ambao ni 550, na wale wa 2 Mambo ya Nyakati 8:10, ambao ni 250. Jumla ni 3,850 kila upande. Inaonekana waandishi waligawa vyeo kwa namna mbili. Usitumie zaidi ya dakika moja hapo. Kuna jambo zito zaidi la kusema: kazi ile ilikuwa ya shokoa. Watu 30,000 wa Israeli walikwenda Lebanoni kwa zamu, 10,000 kila mwezi, mwezi mmoja kazini na miwili nyumbani (1 Wafalme 5:13-14), na mzigo wa Sulemani ndio uliopasua ufalme baada yake (1 Wafalme 12).

"Shoka limekwisha kuwekwa penye mashina ya miti": linawekwa kwa nani?

Katika maombi ya usiku mstari huu (Mathayo 3:10, Luka 3:9) husikika ukielekezwa kwa adui: jirani, mama wa kambo, ukoo wa mume. Watu huomba shoka lianguke upande ule. Tunasema bila kuzunguka kwamba huko ni kuugeuza mstari.

Yohana alikuwa anasema na waliokuja kubatizwa. Walikuwa na dini na walijivuna kwamba baba yao ni Ibrahimu. Shoka lilikuwa kwenye shina lao. Luka anaandika walichouliza: tufanye nini basi? Majibu yako 3:11-14. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Watoza ushuru wasidai zaidi ya walivyoamriwa. Askari wasidhulumu mtu wala kumshitaki kwa uongo, na watoshewe na mshahara wao. Katika mji wetu, unaojua vizuizi vya barabarani, majibu hayo hayahitaji mapambo. Yasome polepole, kisha kaa kimya.

Mfano wa Luka 13:6-9 uwekwe karibu. Mtini umekaa miaka mitatu bila tunda, mwenye shamba anaagiza ukatwe, mtunzaji anaomba mwaka mmoja zaidi, auchimbie na kutia samadi. Yesu hakusema kama ulizaa. Mwachie msikilizaji swali hilo.

Kisiki kina maana gani?

Hapa pana utajiri. Ayubu 14:7-9 inasema mti ukikatwa una tumaini. Hata kisiki kikifa udongoni, kwa harufu ya maji utachipuka. Ayubu analisema kwa uchungu, kwa sababu anaona mtu hana bahati hiyo. Isaya 6:13 inataja kisiki kinachobaki mti ukiangushwa, ambacho ni mbegu takatifu. Mwisho wa Isaya 10 Bwana anaukata msitu wa Ashuru, na sura ya 11 inaanza na chipukizi kutoka shina la Yese. Mgawanyo wa sura umewapotosha wengi: soma 10:33 hadi 11:1 bila kusimama. Misitu miwili inakatwa, ila mmoja ndio unaoachiwa mzizi.

Danieli 4 ni kisiki kingine. Mti wa Nebukadreza unakatwa, lakini shina lake linaachwa na pingu ya chuma na shaba hadi nyakati saba zipite. Pingu ile inalinda: ufalme wake umehifadhiwa mpaka ajue kwamba mbingu ndizo zinazotawala (4:26).

Jambo la kushikika: si kila kisiki huchipuka. Mkalitusi ukikatwa hutoa machipukizi mengi. Msindano ukikatwa hufa. Mkahawa mzee hufufuliwa kwa kukatwa sentimita 30 hadi 40 juu ya ardhi, kwa mshazari ili maji ya mvua yasituame na kuozesha, kisha huachwa machipukizi mawili au matatu yenye nguvu na mengine huondolewa. Asiyeondoa hupata kichaka bila kahawa. Mkulima yeyote wa pwani ya ziwa Kivu atakuelewa ukimfundisha Isaya 11 kwa njia hiyo.

Yohana 15:2: kuondolewa na kusafishwa vina tofauti gani?

Ni kisu kimoja, lakini kazi mbili. Tawi lisilozaa huondolewa. Tawi linalozaa hupogolewa. Mzabibu huzaa kwenye vichipukizi vipya vinavyotoka kwenye mti wa mwaka uliopita, kwa hiyo mkulima hukata sehemu kubwa ya urefu wa mwaka jana. Asipofanya hivyo nguvu inakwenda kwenye majani. Kosa la kawaida ni kumwambia kila aliyepatwa na msiba kwamba anapogolewa. Yesu hakusema hivyo kwa wafiwa. Mstari wa 3 unataja chombo: neno alilowaambia.

Torati nayo iliruhusu kupogoa mizabibu miaka sita tu. Mwaka wa saba kisu kilipumzika (Walawi 25:3-4).

Na matawi yaliyopandikizwa ya Warumi 11?

Wanaopandikiza parachichi wanajua utaratibu: kikonyo cha mti bora hufungwa juu ya mche wa kienyeji. Paulo anageuza. Tawi la mzeituni mwitu linapandikizwa kwenye mzeituni mwema, na mwenyewe anakiri ni kinyume cha asili (11:24). Ujumbe kwa waliopandikizwa: usijisifu juu ya matawi yaliyokatwa, maana si wewe uchukuaye shina (11:18), na yaliyokatwa yanaweza kurudishwa (11:23). Fungu hili likatumiwa kuwadharau Wayahudi, au kabila lolote, limesomwa nyuma mbele.

Shoka lililochomoka: Kumbukumbu la Torati 19:5 na 2 Wafalme 6 ni jambo moja?

Chanzo ni kimoja. Mpini ukikauka hupungua, kabari ikilegea chuma huteleza, na pigo linalofuata hukirusha. Kuloweka shoka majini hukaza kwa saa chache tu. Mti ukikauka tena hulegea zaidi. Dawa ni kabari mpya, na kugonga kitako cha mpini chini kabla ya kuanza.

Kumbukumbu la Torati inatumia ajali hiyo kutenga kuua bila kukusudia na kuua kwa chuki. Aliyeua kwa shoka lililoteleza alikimbilia mji wa makimbilio, awe hai. Aliyevizia kwa chuki alitolewa humo (19:11-12). Kwa jamii inayoishi na kisasi, sheria hiyo ina thamani kubwa: msiba haujibiwi kabla ya kuuliza ulitokeaje.

Katika 2 Wafalme 6 chuma kinaangukia Yordani, na aliyekiangusha analia kwa sababu kiliazimwa. Chuma kilikuwa ghali, na deni lingeweza kumfunga mtu. Elisha anakata kijiti na kukitupa, chuma kinaelea. Yustino Mfiadini, katika karne ya 2, aliona mti wa msalaba katika kijiti kile. Ni tafsiri ya kale na nzuri, lakini ihubiriwe baada ya ile ya wazi: Mungu alijali deni la mwanafunzi maskini.

Kwa nini Ibrahimu alipasua wanyama?

Mwanzo 15:9-10 inataja ndama, mbuzi na kondoo, kila mmoja wa miaka mitatu, pamoja na hua na kinda la njiwa. Wakubwa walipasuliwa vipande viwili vikaelekeana; ndege hawakupasuliwa. Maana ya kupita katikati iko Yeremia 34:18-20. Wakuu wa Yuda walipita kati ya vipande vya ndama wakiapa kuwaacha huru watumwa wao, kisha wakawarudisha utumwani, nao wakatangaziwa kutiwa mikononi mwa adui na maiti zao kuwa chakula cha ndege. Anayepita anasema: nikivunja, niwe kama mnyama huyu.

Wazee wetu wanaojua undugu wa damu watakumbuka kwamba pande zote mbili huchanjwa. Katika Mwanzo 15:17 ni tanuru ya moshi na mwenge tu vilivyopita. Ibrahimu alikuwa amelala. Mungu alijifunga peke yake.

"Atakatiliwa mbali" maana yake auawe?

Si lazima. Adhabu hiyo inatajwa kwa kula chachu siku za Pasaka (Kutoka 12:15) na mengine mengi. Wafasiri hutofautiana: kufa kwa mkono wa Mungu, kukosa uzao, au kutengwa na watu. Katika Walawi 20:3-5 ni Mungu mwenyewe anayesema atamkatilia mbali mtu, hata kama wenyeji wamefumba macho. Kwa hiyo maneno hayo hayampi mtu wala kundi ruhusa ya kumchoma aliyeshukiwa uchawi. Na nabii anasema mtumishi wa Bwana mwenyewe alikatiliwa mbali na nchi ya walio hai, kwa ajili ya makosa ya watu (Isaya 53:8).

Je, kukata mkono (Mathayo 5:30) na chale (Walawi 19:28)?

Mkono: ni lugha kali ya kuacha chanzo cha dhambi, si upasuaji. Kanuni ya kwanza ya Mtaguso wa Nikea, mwaka 325, ilikataza aliyejihasi mwenyewe kwa hiari kuhudumu kama kleri. Kanisa la kale lilikwisha kujibu.

Chale: Walawi inazungumza juu ya kujichanja kwa ajili ya wafu, na 1 Wafalme 18:28 inaonyesha manabii wa Baali wakijikata ili mungu wao asikie. Chanjo ya hospitali haimo. Aliyechanjwa akiwa mtoto hana hatia ya mstari huu.

"Wapasuao kuni na watekao maji": ni laana kwa watu wa kazi hizo?

Yoshua 9:23 ina laana kwa Wagibeoni waliodanganya. Mstari wa 27 unaonyesha kuni zao zilikwenda kwenye madhabahu ya Bwana. Na Sauli alipowaua, Israeli ilipata njaa ya miaka mitatu (2 Samweli 21:1), kwa sababu agano liliwalinda. Mpasua kuni wa Gibeoni alikuwa na Mungu wa kumtetea. Usitumie fungu hili kumdharau anayepasua mawe au anayesukuma chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo.

Kumbukumbu la Torati 20:19 linahusu makala yanayochomwa katika hifadhi ya Virunga?

Si moja kwa moja. Linakataza kukata miti ya matunda wakati wa kuzingira mji, na mstari wa 20 unaruhusu miti isiyo ya chakula. Unaweza kulipanua hadi msitu wa hifadhi, hasa kwa kuwa hata vita havikufanywa kisingizio cha kuharibu kitakacholisha watu kesho. Ila waambie wasikilizaji kwamba unapanua. Na kumbuka unayemhubiria anapika kwa makala kwa kukosa kingine.

Nitayarishaje somo la dakika 30?

Chagua fungu moja, si sita. Soma sura iliyotangulia na inayofuata (dakika 5 zitolewe kwa kusoma kwa sauti). Andika nani ameshika chombo, kinachokatwa kinakwenda wapi, kimebaki nini. Dakika 10 eleza kazi yenyewe ya mikono. Ukiwa na mwashi au mkulima katika shirika, mwachie aeleze, maana ataona usichokiona. Dakika 10 zipeleke kwenye maisha ya waliokaa mbele yako. Zinazobaki ni za maswali.

Linaloharibu somo mara nyingi ni kuleta vifaa. Panga au shoka mbele ya watoto walioona vita huwafunga masikio. Jiwe la volkano na kipande cha chokaa, au chipukizi la mkahawa lililokatwa asubuhi, vinatosha.